Bomba la kutoka shule hadi gereza: nimetazama mchezo wa jukwaani Marekani, nikaikumbuka sahihi yangu

Dereva wa Njano (mleta uzi)

Habari za usiku wakuu. Huku ni saa saba usiku. Nimetoka ukumbini, nikafika nyumbani, nikakaa ndani ya gari karibu nusu saa kabla sijazima taa. Mods naomba msiupeleke uzi huu jukwaa la burudani.

Naishi Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu. Naendesha basi la shule, yale ya njano mnayoyaona kwenye sinema. Leo chuo kimoja cha hapa wamecheza tamthilia inayoitwa Pipeline, yaani bomba, lile la adhabu za shule zinazomsukuma mtoto hadi polisi na jela, ya Dominique Morisseau, mwanamama wa Detroit. Ilianza kuchezwa Lincoln Center, New York, mwaka 2017. Binti yangu anasoma hapo chuoni, akaniletea tiketi akasema, "Baba, huu wako." Sikumwelewa.

Kisa ni hiki. Kuna mama anaitwa Nya, mwalimu wa Kiingereza kwenye shule ya serikali, zile unazoingia kwa kupekuliwa. Kwa kuwa anaijua shule yake ilivyo, mwanawe Omari (ndiyo, Omari, nilishtuka kama ameitwa jirani yangu wa Ngamiani, Tanga) kampeleka bweni, shule binafsi ya mbali. Huko darasani wanasoma riwaya ya Native Son, ya kijana mweusi anayeishia kuua. Mwalimu anamkodolea macho Omari peke yake: hebu tueleze hasira ya huyu. Anambana, anambana, mwisho kijana anamsukuma. Wenzake wamesharekodi kwa simu. Ni kosa la tatu. Kufukuzwa kunanukia, na kesi ya polisi nayo inanukia.

Aliyenimaliza lakini si kijana, ni mama. Nya anawafundisha wanafunzi wake shairi fupi la Gwendolyn Brooks kuhusu wavulana walioacha shule wakahamia kwenye meza ya pool, shairi ambalo mwisho wake wanakufa mapema. Ameyafundisha hayo miaka nenda rudi. Safari hii anasimama ubaoni, anamwona mwanawe ndani ya yale maneno, pumzi inakata. Mwalimu anaanguka mbele ya darasa. Ukumbi mzima kimya, kasoro mama mmoja nyuma yangu aliyekuwa anasema "Yesu, Yesu" kwa sauti ya chini.

Sasa niwaambie kwa nini nimekaa kwenye gari.

Mwaka jana mwezi wa kumi nilipigiwa simu nikiwa naosha basi. Njoo shuleni, kijana wako ana tatizo. Huyu ni wangu wa pili, wakati ule ana miaka 15. Nikaingia ofisini fulana imelowa maji. Nikamkuta makamu wa mwalimu mkuu, mwalimu wa somo, na polisi amekaa pembeni, bastola kiunoni, anakula karanga. Mwanangu yuko kwenye kiti cha plastiki. Kosa lake: aliambiwa ashushe kofia ya sweta, akaambiwa tena, mara ya tatu akainuka akatoka na mlango ukajibamiza ukutani. Kwenye karatasi limeandikwa "tabia ya vitisho".

Nikafanya alichofanya baba yangu Tanga mwaka 1989. Nikamsalimia mwalimu kwa adabu, nikaomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima, nikamgeukia mtoto nikamwambia mbele yao: umeniaibisha. Alifungua mdomo aseme kitu. Nikamwambia nyamaza, wakubwa wanaongea. Wakanisogezea karatasi kurasa tatu, wakaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina, nikasaini. Sikusoma hata mstari. Mimi nimelelewa kwamba mwalimu hawezi kumwonea mtoto bure, na aliyeninyooshea kalamu alikuwa anatabasamu.

Siku kumi nje ya shule. Na kumbe ukurasa wa tatu ulikuwa wa mambo ya mahakama ya watoto.

Mwisho wa ule mchezo Nya anasimama mbele ya wakuu wa shule kumwombea mwanawe. Mwalimu, mama anayejua kila kona ya mfumo, na bado sauti inamtetemeka. Mimi niliyeulizwa kistaarabu kama nina la kuongeza, nikasema sina.

Nawasilisha.

MgosiMwenyewe

Mkuu niliingia mbio nikidhani bomba la mafuta la Hoima, Uganda, limeshafika Chongoleani, Tanga, nikajua ajira hizo 😂

Nimesoma hadi mwisho, naomba radhi kwa kicheko. Pole sana mgosi. Hiyo ya "nyamaza, wakubwa wanaongea" imenigusa, kwa sababu jana tu nimeisema kwangu.

Kijiwe Namba Moja

Mimi nitakuwa tofauti na naomba msinitukane. Mtoto kaambiwa mara tatu ashushe kofia hakushusha. Hiyo ni dharau. Tunahurumia sana hawa vijana wa Marekani, wakiambiwa kitu kidogo wanaleta ubaguzi. Mnaona Wachina wanakamatwa shuleni? Tabia ndiyo inawapeleka jela, bomba ni maneno ya waigizaji.

Mwl. Mstaafu, Songea

Mleta uzi, salaam. Nimeshika chaki miaka 31. Nina swali moja: huo mchezo unamwonaje mwalimu? Maana siku hizi kila tamthilia mwalimu ndiye shetani. Watu hawajui darasa la watoto sabini likoje saa nane mchana, njaa inauma, na kuna mmoja kaapa kukujaribu mbele ya wenzake.

Dereva wa Njano

Shikamoo mwalimu. Hapo ndipo mwandishi alipofanya kazi. Kuna mwalimu mzungu anaitwa Laurie, mwenzake Nya, mkali, mdomo mchafu, anawapenda wanafunzi kwa namna yake. Aliwahi kukatwa uso na watu wa familia ya mwanafunzi, akapona akarudi darasani. Katikati ya mchezo ugomvi unazuka darasani kwake, walinzi hawatokei, anachukua ufagio anampiga mwanafunzi ili awaachanishe. Kazi ndiyo inaishia hapo. Ukimsikiliza unamwonea huruma, halafu unamkumbuka yule mtoto aliyepigwa ufagio. Mlinzi naye, Dun, ana hoja zake: yuko mmoja, korido ni nyingi. Hakuna shetani mle ndani mwalimu. Ndiyo inauma zaidi, maana ungekuwepo tungemzomea tukaenda kulala.

Dada Mkalimani

Nimeingia kwa sababu ya huyo ndugu wa Kijiwe. Natafsiri Kiswahili mahakamani, jimbo silitaji. Wengi ninaowatafsiria kwenye kesi za watoto ni Wakongo, wakifuatiwa na watu wetu wa bara na pwani. Ngoja niseme ninachokijua.

Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba jimbo linalotaka pesa za elimu za serikali kuu lazima limfukuze kwa mwaka mzima mwanafunzi atakayeleta bunduki shuleni. Bunduki, sawa, nani atapinga? Ila shule zikaichukua roho ya ile sheria zikaipaka kwenye kila kitu: kupigana, kutukana, kuchelewa, nguo. Wakaita kutovumilia kabisa. Halafu 1999 ikaja Columbine, shule ya sekondari kule Colorado, vijana wawili wakaua wenzao 12 na mwalimu mmoja. Taifa likaogopa, pesa zikamwagwa kuajiri polisi wa kukaa ndani ya shule. Sasa fikiria: polisi yuko pale siku 180 za masomo, na mashambulizi ya bunduki, namshukuru Mungu, ni nadra kwa shule moja moja. Siku zilizobaki afanye nini? Anaitwa kwenye mambo ya kofia ya sweta. Jambo ambalo zamani lilikuwa la mwalimu wa zamu linaandikiwa hati, linapewa jina la kisheria, "kuvuruga utulivu", na mtoto ana jalada.

Ndugu wa Kijiwe anasema ni tabia. Basi atueleze hili. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2011–12, watoto wa chekechea, wa miaka minne hivi: weusi walikuwa asilimia 18 ya watoto wote, lakini asilimia 48 ya waliosimamishwa zaidi ya mara moja. Chekechea! Mtoto wa miaka minne ana tabia gani ya kihalifu, kamwaga uji?

Na Texas walifanya utafiti uliotoka 2011, walifuatilia karibu wanafunzi milioni moja kwa miaka. Karibu sita katika kila kumi walisimamishwa au kufukuzwa walau mara moja kati ya darasa la 7 na la 12. Ni asilimia 3 tu ya adhabu hizo zilikuwa kwa makosa ambayo sheria inailazimisha shule kuadhibu hivyo. Zilizobaki zote mwalimu au mkuu aliamua mwenyewe. Na ni kwenye hizo za kuamua mwenyewe ndiko watoto weusi walikoangukia zaidi, hata baada ya kulinganishwa na mzungu anayefanana naye kwa kila kitu. Aliyesimamishwa kwa hizo za hiari alikuwa karibu mara tatu zaidi kuangukia mikononi mwa mahakama ya watoto mwaka uliofuata. Hilo ndilo bomba.

Dereva, kaka yangu, sasa nikuumize kidogo. Unakaa Columbus. Kesi iliyoweka haki ya mwanafunzi kusikilizwa kabla ya kusimamishwa ilitoka hapohapo Columbus. Wanafunzi walisimamishwa mwaka 1971 hadi siku kumi bila kuulizwa, wakashtaki, wakafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1975 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua: mwambie mtoto anatuhumiwa nini, akikana mwonyeshe ushahidi, mpe nafasi aseme upande wake. Kesi inaitwa Goss v. Lopez. Siku kumi zilezile alizopewa mwanao.

Dereva wa Njano

Dada, nafasi ya kusema alipewa. Mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Mtoto wa Fizi

Miye niko Kentucky. Tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka 11 mbele ya kuja huku. Mdogo wangu alifika akiwa na miaka 13, wakamuweka darasa la watoto wa umri wake, Kiingereza hakijui, hesabu ya huku haijui. Watoto wakamucheka namna anavyotembea. Kambini ukichekwa unapigana, mwisho jioni munacheza mpira pamoja. Hapa alipigana mara moja tu, wakamuwekea pingu.

Mama alikwenda shuleni na mimi nikiwa mkalimani wake, nina miaka 16. Mwalimu alisema "assault", neno hilo silijui Kiswahili chake, nikamwambia mama: wanasema amegombana. Mama akasema basi watoto wanagombana, tumsamehe. Akasaini. Mpaka leo nafikiriaga, kama ningelijua lile neno.

Dada Mkalimani

Pole mdogo wangu. "Assault" ni kosa la kumshambulia mtu. Wala lile halikuwa jukumu lako. Shule zinazopokea pesa za serikali kuu zinatakiwa kumpa mzazi habari muhimu kwa lugha anayoielewa, bure, na mkalimani awe mtu anayejua kazi hiyo. Inatokana na sheria ya haki za raia ya 1964. Kumtumia mtoto kwenye kikao cha nidhamu cha mdogo wake ni kosa lao. Wazazi mlioko huku andikeni kwenye simu sentensi moja: "Naomba mkalimani wa Kiswahili, na sisaini leo." Kuomba karatasi uende nayo nyumbani si ukorofi.

Kijiwe Namba Moja

Hiyo ya chekechea sikuijua. Nakubali. Lakini bado nasema dawa ilikuwa fimbo mbili, yameisha, mtoto anarudi darasani. Sisi tulichapwa na hakuna aliyepelekwa polisi kwa sababu ya kofia. Marekani walipokataza viboko ndipo walipoleta pingu.

Karani wa Makadara

Boss, nani alikudanganya Marekani walikataza? Sisi Kenya ndio tulifuta kiboko mwaka 2001. Kwao Mahakama ya Juu iliruhusu mwaka 1977, kesi ya kijana wa Florida aliyechapwa kwa kibao zaidi ya mara 20, na mpaka leo majimbo kadhaa ya kusini bado yanachapa. Na sababu waliyotoa ndiyo itakuvunja mbavu: walisema kile kifungu cha katiba kinachokataza adhabu za kikatili kiliwekwa kwa ajili ya waliohukumiwa kwa uhalifu, hakiwahusu wanafunzi. Yaani ukiwa jela unalindwa, ukiwa form two jipange.

MgosiMwenyewe

Kwa hiyo wana kibao NA pingu. Buy one get one.

Mwl. Mstaafu, Songea

Na tusijisifu na hizo fimbo mbili. Kanuni yetu Tanzania ya 2002 inasema zisizidi nne, na ni mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi. Nimeziona kumi na tano zikitoka kwa mwalimu wa mazoezi. Nilikuwepo. Sikusema kitu, nilikuwa nasahihisha madaftari.

Mwana Bagamoyo

Mimi ni mtu wa jukwaa, nimesomea pale Bagamoyo, nimeuona mchezo huu kwa video na nina la kuongeza upande wa sanaa, maana mmeugeuza uzi kuwa bunge.

Mleta uzi umesema ukumbi ulikuwa kimya. Uliangalia kile kijikaratasi cha programu? Morisseau huwa anaweka humo masharti ya kumwalika mtazamaji: kucheka kwa sauti ruksa, kuitikia ruksa, kuguna ruksa, kama kanisani. Alichoka kuona watazamaji weusi wanageukiwa kwa jicho baya kwenye kumbi za wazungu kwa sababu wamesema "mmh!" mahali pa kusema mmh. Sisi hili hatuhitaji kufundishwa, mchezo ukikolea vigelegele vinapigwa, bibi anamwonya mhusika kuwa adui yuko nyuma ya mlango. Lakini ona uhusiano wake na kisa: mchezo ni wa kijana aliyeadhibiwa kwa kutotulia mahali ambapo utulivu una sura ya watu wengine, na mwandishi anaanza kwa kuwaruhusu watazamaji wasitulie. Huo ufundi niliusimamia.

Kingine, tukio la kusukumwa mwalimu hatulioni jukwaani. Tunalisikia tu, kila mtu na toleo lake. Ndivyo linavyofika kwa mzazi.

Wanaopenda njia nyingine wamtafute Anna Deavere Smith. Yeye alihoji watu zaidi ya 200 juu ya mambo haya haya, kisha akasimama jukwaani peke yake akawa wao wote, kwa maneno yao wenyewe. Yumo hadi msichana wa South Carolina aliyekamatwa mwaka 2015 kwa kupaza sauti polisi alipomwangusha mwenzake na dawati lake. HBO waliionyesha 2018.

Dereva wa Njano

Kijikaratasi nimekitoa mfukoni sasa hivi, kweli yamo. Yule mama wa "Yesu, Yesu" alikuwa ameruhusiwa, na mimi nikamgeukia mara mbili.

Walioniuliza pembeni: kijana wangu hakufungwa. Walimpa saa 20 za kufanya usafi kwenye bustani ya manispaa, wakasema akimaliza hakuna kesi. Alimaliza. Ila alikuwa anapiga tarumbeta kwenye bendi ya shule, aliporudi nafasi yake alishapewa mwingine, na hajaishika tena. Iko juu ya kabati.

Neema wa Ubungo

Mkuu samahani kama naingilia. Wewe ni dereva wa basi la shule. Huko kwenye basi mtoto akikosea nani anaandika?

Dereva wa Njano

Dada Neema, swali lako nimeliona jana nikalipita kama sijaliona.

Naandika mimi. Kuna kitabu cha fomu kwenye droo chini ya usukani, nakala tatu: nyeupe ya shule, njano ya mzazi, ya waridi inabaki kwangu. Leo asubuhi kabla ya zamu nimezihesabu za waridi tangu shule ifunguliwe mwezi wa nane. Kumi na moja. Watoto saba, mmoja yumo mara nne. Fomu ina viboksi vya kuweka tiki: kupigana, kutupa vitu, kuharibu mali, kukaidi. Tisa kati ya kumi na moja nimetiki kukaidi. Huyo wa mara nne simjui kwao wala mama yake, najua kituo chake tu, kona ya duka la matairi. Nyuma ya kila fomu kuna mistari mitano ya maelezo ya mwanafunzi. Yote mitupu. Hakuna siku nilimpa mtoto kalamu.

Leo jioni huyo wa mara nne kasimama tena basi linatembea, anamrushia mwenzake mfuko wa chipsi. Nikasogea pembeni, nikawasha taa, nikasimama. Basi zima likanyamaza, wanaijua ile droo. Nikamwambia kaa. Akakaa. Akaniuliza, "Unaniandika?"

Nikamwambia kalamu imeisha wino. Akaniangalia, akaiangalia kalamu mfukoni mwangu, akafunga mkanda.

Kesho zamu saa kumi na moja alfajiri, nalala.